Wifi, hatujafilisika: tumemaliza nyumba

Wifi yangu alinipigia simu ya video Jumamosi, akanikuta jikoni nimevaa sweta mbili, koti juu yake, na leso nimejitanda kichwani. "Yamekuwaje tena? Hita imekufa?" Nikamwambia haijafa, tumeizima. Nikauona uso unavyombadilika. Isha haijaadhiniwa kwetu Amu, yaani Lamu, mtaa mzima wa Mkomani ushapata habari kwamba fulani na mumewe huko Leicester, Uingereza, mambo yamewaendea kombo, hata moto wa kuota hawana. Mama akapiga kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia mgonjwa mahututi, kutaka kujua kama twala.

Twala, mama. Na wiki ile ile ndiyo tuliyoletewa barua kwamba nyumba sasa ni yetu, hatudaiwi hata peni, miaka saba kabla ya muda tulioandikiana na benki. Nilitaka nimwambie wifi habari hiyo, lakini alikuwa ameshakata simu kwenda kutuhurumia nyumba kwa nyumba.

Basi nayasema hapa, kwa sababu kwenye grupu ya familia nikiandika zaidi ya mistari mitatu naambiwa nahutubia.

Najua swali la kwanza: riba. Tulisubiri miaka mingi tukipanga, tukimlipia mwenye nyumba mmoja ambaye bomba likivuja alikuwa hapatikani na kodi ikifika alikuwa hakosekani, kwa sababu hatukutaka kuingia kwenye mkopo wa kawaida. Benki ya kwanza ya Kiislamu kikamilifu kwa wateja wa kawaida ilifunguliwa Uingereza mwaka 2004, na zipo nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo. Utaratibu wake ni ushirika: wewe na benki mnanunua nyumba pamoja, unailipa kodi kwa fungu lake unalokalia, na kila mwezi unalinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka benki itoke. Wapo wanaosema ni riba iliyovishwa kanzu. Wamesema masheikh, wamejibizana masheikh, na mimi si sheikh. Ninachokijua ni kwamba shaka hiyo ndiyo iliyotusukuma tutoke haraka. Mume wangu alikuwa akisema deni lolote, hata la halali, lisikae nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda hesabu. Chukua nyumba ambayo benki imetia pauni 150,000, kwa asilimia 5, miaka 25. Kila mwezi utalipa kama pauni 877. Mwezi wa kwanza 625 katika hizo ni za benki tu, na 252 ndizo zinazonunua nyumba. Yaani unalipa pesa nyingi na matofali unayoyapata hayatoshi kujenga choo. Lakini ukiongeza pauni 200 kila mwezi, zile 200 zote zinaingia kwenye nyumba yenyewe, fungu la benki linapungua, na kodi ya mwezi unaofuata inakokotolewa kwenye kilichobaki. Unamaliza kwa miaka 17 na miezi kadhaa, na karibu pauni 38,000 zinabaki mfukoni mwako. Wenzangu kazini wenye rehani za kawaida nao hufanya hivyo. Benki nyingi huwaruhusu kulipa mpaka asilimia 10 ya deni kwa mwaka zaidi ya kawaida bila faini. Hakuna uchawi. Kuna pauni 200 tu.

Na pauni 200 ndizo zilizonivalisha koti.

Juu ya friji yetu pana kijisanduku cha mita. Kina taa: kijani ukitumia kidogo, manjano ukizidisha, nyekundu ukifanya wazimu. Ukichomeka birika, inaruka nyekundu papo hapo, na pembeni tarakimu za peni zinapanda unaziona. Wanangu wamekulia mbele ya kile kijisanduku. Yule mdogo, kabla hajajua kusoma, alikuwa akipiga kelele "Mama, nyekundu!" nami natoka mbio bafuni nikidhani nyumba inaungua. Chai tunapika mara moja, tunatia chupa. Jioni napita supamaketi saa ile mfanyakazi anapotoka na kimashine chake kubandika vibandiko vya njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe. Kuku wa pauni 5 anashuka mpaka 2. Pale hatusimami wahamiaji peke yetu. Wapo bibi wa Kiingereza wenye lulu shingoni, na viwiko vyao si vya mchezo.

Hilo ndilo linalonishangaza nchi hii mpaka leo. Huku ukimsifu mtu kwa gauni, atakwambia kwa furaha, "Nimelipata duka la mitumba, pauni 4!" Kwetu ukimsifu mtu anakutajia Dubai, hata kama lilitoka Mombasa, Marikiti. Huku kubana matumizi ni akili. Kwetu ni ubahili, na bahili hana mazishi mazuri.

Hapa ndipo ninaposikia miguno. "Amekwenda Uingereza, ameona kibandiko cha njano, sasa anatufunza kuishi." Ngoja kwanza. Sijasema Waingereza wana akili kuliko Waamu. Nusu ya wenzangu kazini wana magari ya kulipia kila mwezi na kadi tatu za mkopo, na riba ya benki kuu ilipopandishwa kutoka asilimia 0.1 mwaka 2021 hadi 5.25 mwaka 2023, niliona watu wazima wakilia chumba cha chai. Sisi wenyewe kodi ya benki ilipanda, kanzu au si kanzu. Wala sijasema kwamba mtu wa Amu hana pesa kwa sababu hajui kubana. Najua bei ya unga. Najua pia kwamba nyumbani mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 5 kwa asilimia 14, miaka 20, unakutaka shilingi 62,000 na ushei kwa mwezi, na mwezi wa kwanza 58,000 zote ni riba. Ndiyo maana rehani za Kenya nzima hazifiki elfu arobaini. Na hapo sijataja hatimiliki, kwa sababu nikiitaja hatutalala.

Ninachosema ni kingine. Mambo yote wifi aliyoyaonea huruma, sikujifunza Leicester. Nimeyatoa kwa bibi yangu, Mkomani.

Bibi hakuwa akitupa kitu. Wali wa mwiku ulipashwa asubuhi ukaliwa na mchuzi wa jana. Leso ikichakaa ilikuwa nepi, nepi ikichakaa ilikuwa kitambaa cha kufutia taa. Kichwa cha samaki hakikumfikia paka. Alasiri akikaa na kofia yake ya vito, ile ya kutarizi kwa mkono, anashona mpaka macho yanamtoka machozi, na pesa ya kofia hakuiona mtu. Hakuna aliyemwita bahili, kwa sababu kila mtu alijua inakokwenda: ghorofani.

Nyie mnazijua nyumba zetu, lakini wanangu niliwaeleza na walidhani natunga. Kwamba binti akikaribia kuolewa, babake hakukimbilia kukodi ukumbi, alipandisha ghorofa. Mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa tanuri, boriti za mkoko, na upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, haijalishi una pesa kiasi gani. Ukuta mnene huo, na chokaa yenyewe haitaki haraka, ukiikimbiza inakupasukia. Mtu alijenga kidogo, akasimama, akarudi mwaka wa pili alipopata. Mtaa ukibana, anavuka na wikio, chumba kama daraja, juu ya njia mpaka upande wa pili, kwa nduguye. Siku ya harusi, binti alikuwa na nyumba. Mume ndiye aliyekuja na sanduku lake.

Bibi yangu alipata nyumba yake hivyo. Hakuandikiana na benki, hakulipa fungu la mtu, na hakuna aliyeweza kumtoa, hata mume. Mimi mjukuu wake, na shahada yangu, nimetumia ujana wangu kukipata kile alichopewa yeye na babake akiwa msichana. Nikiwaambia Waingereza hivyo hukaa kimya kidogo.

Wapo watakaonikumbusha nyumba nyingi za mawe za karne ya 18 zilijengwa kwa mikono ya nani, na kwamba si kila binti wa Amu alipandishiwa ghorofa; wengi walilala chini ya makuti. Ni kweli, na kweli hiyo sina haja ya kuipaka chokaa. Ghorofa ya bibi ni ya baada ya watumwa, imejengwa na fundi aliyelipwa, kwa pesa ya majahazi ya boriti na ya kofia. Hiyo ndiyo ninayoitetea.

Sasa niambieni pesa ile imekwenda wapi. Tusidanganyane kwamba haipo. Harusi ya mwisho niliyohudhuria nyumbani, leso za sare zilibadilishwa usiku kwa usiku. Ngoma ya vugo, sawa, vugo ni letu. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, ni letu. Lakini jukwaa lenye taa na viti vya kifalme vilivyopandishwa mashuani kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, vikabebwa na punda, kisha vikarudishwa siku ya tatu? Biriani ya mtaa mzima mara mbili, kwa sababu kina fulani walipika mara mbili? Mpiga picha na kamera yake inayoruka? Nilipiga hesabu kichwani, Mungu anisamehe, wakati bibi harusi anaingia. Kwa bei za fundi na mawe za mwaka ule, pale ukumbini palikuwa na chumba na daka lake, baraza ya mlangoni. Wiki iliyofuata maharusi walihamia chumba cha kupanga.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Najua, nimetumiwa msemo huo na kila mtu mwenye namba yangu. Nami natoa. Ada za shule natoa, dawa za mama natoa, boti la wagonjwa likihitaji mafuta usiku natoa bila kuuliza. Jambo moja tu nililokataa, na kwa jambo hilo naitwa mzungu mweusi: kuchangia usiku wa pili wa biriani.

Na msidhani huku nimepata raha isiyo na bei. Niliweza kuweka zile pauni 200 kwa sababu moja ambayo siipendi: hakuna anayebisha hodi. Magharibi ikiingia, mlango umefungwa. Jirani yangu wa kushoto ni mzee mpole, tunasalimiana juu ya ua, na tangu tuhamie hajaonja chapati yangu ila nilipompelekea mwenyewe, akanirudishia sahani imeoshwa na kadi ya shukrani ndani yake, kama kwamba nimemtolea figo. Nyumbani ungempikia nani kuku nusu? Akitokea mtu saa ya chakula utamficha wapi? Uchumi wangu huu umejengwa juu ya mlango uliofungwa, na kuna siku za Ramadhani, tukifuturu wanne mezani na tambi zimebaki, ambapo ningeirudisha barua ya benki nipewe watu.

Lakini mgeni wa magharibi hajawahi kumfilisi mtu Amu. Bibi alilisha wageni maisha yake yote na ghorofa ikapanda. Sinia ya wali na samaki wa kupaka haimalizi nyumba. Kinachoimaliza ni zile siku tatu za kuonekana, na wanaotuonyesha njia hiyo si masikini, ni sisi wenye jamaa nje, tunaotuma pesa za jukwaa ili tupigwe picha tukitajwa. Wenzangu wa Leicester, Toronto na Jeddah, nawasema nyinyi na najisema mimi. Tukituma mawe watajenga. Tukituma taa watawasha taa.

Binti wa kaka yangu anaolewa mwakani, inshallah. Kamati imeshaundwa, ina mwenyekiti na mweka hazina, na mchango wangu umeshapangwa bila mimi kuulizwa. Nimewekwa juu kabisa ya orodha, kwa heshima. Niliandika kwenye grupu kwamba mchango wangu wote, na nyongeza yake, utakwenda kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mama, ile iliyosimama bila dari tangu baba afariki, na iandikwe kwa jina la binti. Wakitaka biriani moja, nitakuja kuipakua kwa mikono yangu. Ya pili wasinihesabu.

Wamesoma wote, nimeona alama. Wifi ametuma kikaragosi cha mtu anayetetemeka kwa baridi. Mwenyekiti wa kamati ameuliza kama hiyo nyongeza inaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Kaka yangu peke yake ndiye aliyenijibu pembeni, si kwenye grupu, akauliza bei ya boriti nimeipata kwa nani, maana imepanda, na fundi anataka kuja kupima kabla ya kaskazi.