Kavinsky hauzi kumbukumbu tu

Kila Kavinsky anapotajwa, hakosekani wa kusema kwamba Mfaransa huyu wa muziki wa elektroniki anatuuzia miaka ya themanini iliyopashwa moto. Mimi sikubali.

Naelewa dai hilo linatoka wapi. Vincent Belorgey, ndilo jina lake halisi, alijitungia mhusika: kijana aliyekufa kwa ajali ya Ferrari Testarossa mwaka 1986, akarudi mzuka anayepiga muziki. Hata albamu yake ya 2013, OutRun, imechukua jina la gemu ya Sega ya mwaka huohuo wa ajali. Wahakiki waligawanyika juu yake, na kweli zimo nyimbo mle zinazonguruma tu bila kufika popote.

Lakini wimbo wake Nightcall, uliotoka 2010, usikilizeni kwa makini. Inaanza na milio ya simu, kisha ngoma za taratibu na besi ya sintesaiza inayotambaa chini kabisa. Sauti ya kiume imepitishwa kwenye vokoda hadi imekuwa nusu mtu, nusu mashine. Halafu anaingia Lovefoxxx, Mbrazili wa kundi la CSS, kwa sauti nyepesi isiyojikaza wala kubembeleza. Wimbo mzima umesimama kwenye hizo sauti mbili kutofanana. Vibao vingi vya themanini vilijazwa vinanda hadi pomoni; humu Guy-Manuel de Homem-Christo wa Daft Punk, kundi la Kifaransa la muziki wa elektroniki, aliyeutayarisha wimbo huu, ameacha nafasi tele. Mwigaji huogopa nafasi.

Mapokezi yake nayo yalikuwa ya polepole. Filamu ya Drive ya 2011 iliuweka mwanzoni, gari likikata mitaa ya Los Angeles usiku, na hapo ndipo wengi tulipoujua. Kisha Agosti 2024, kwenye kufunga Olimpiki, ukapigwa Stade de France pamoja na bendi ya Kifaransa Phoenix na mwimbaji Mbelgiji Angèle, na watu wakauchangamkia Shazam, programu ya simu inayotambua nyimbo, kama wimbo mpya. Kati ya waliokuwa wakiuliza jina lake usiku ule, wapo ambao hata miaka ya tisini hawakuiona. Hao wanakumbuka nini cha 1986? Hawana cha kukumbuka, wameupenda wimbo.

Toleo la Angèle limeimbwa safi, na namheshimu sana. Ila mimi nabaki na Lovefoxxx. Anaimba kana kwamba hajali kama simu itapokelewa, na ubaridi huo ndio unaoniuma.