Nilifuata kenge Idjwi, nikafika bafuni kwa watu

Kabla hamjaendelea kutumiana ile sauti inayonong'ona: ndiyo, ni mimi. Yule rafiki yangu wa Birere, mtaa wa Goma, anawaambia kwamba nilikamatwa nikimchungulia mama wa watu akioga. Uongo mtupu! Alikuwa babu. Na sikuwa nachungulia, nilikuwa nafuata nyayo. Basi sikilizeni kutoka kwa mwenye aibu yake.

Tulienda Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, kutafuta fisi maji, mnyama wa majini anayekula samaki. Kiangazi ndicho kipindi chake, maana mvua haifuti kitu na mchanga wa ufukweni unashika alama usiku kucha. Lakini sharti uamke. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua liko chini, linapiga kwa ubavu, kila kidole kinajaa kivuli chake. Ukija saa sita, jua la utosini, unyayo uleule huuoni hata ukiukanyaga. Tukatetemeka kwa baridi ya ziwa, lakini tulipata: juu ya jiwe moja mavi ya fisi maji, yamejaa magamba ya samaki na vipande vya kaa. (Msicheke. Mavi ndiyo kitambulisho chake, anarudi kunya palepale.) Pembeni mnandi, ndege mla samaki, alikuwa amepita, vidole vyote vinne vimeshikwa na utando, hata kile cha nyuma. Bata utando wake ni wa vidole vitatu vya mbele tu. Nilimfundisha rafiki yangu hayo yote kwa sauti ya profesa. Laiti ningeishia hapo.

Hatua ishirini mbele, mfuo. Unatoka majini, unapanda mchanga kwenda vichakani, upana wa vidole vinne. Na kushoto kwake na kulia kwake, nyayo ndogo za vidole vitano vitano, hazina kisigino.

Nikasema, "Kenge."

Sasa ninyi mnaonifuata siku nyingi, mnakumbuka nilivyowafundisha? Kenge anatembea kwa kujipinda, kwa hiyo mkia wake unachora mawimbi, huku na huku. Mstari ulionyooka ni wa kitu kinachoburutwa. Tena kenge ana kucha ndefu, lazima uone vidoti mbele ya kila kidole. Ule mfuo ulikuwa umenyooka kama rula. Vidoti, hakuna hata kimoja. Rafiki yangu akauliza, "Mbona haupindi?" Nikamjibu, "Ana haraka." Akauliza, "Na kucha?" Nikamjibu, "Zimelika kwa mawe ya volkano."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.

Tukauzungushia unyayo mmoja ukanda wa plastiki tuliokata kwenye chupa, tukakoroga vikombe viwili vya unga wa plasta kwa kikombe kimoja cha maji. Ukizidisha maji, umbo linavunjika mkononi kama biskuti. Usimwage juu ya unyayo wenyewe, utaubomoa. Mwaga kando, uache uji uingie polepole. Halafu ngoja, asubuhi ya unyevu kama ile hata dakika arobaini. Mimi dakika arobaini nizitoe wapi? Nikamwacha rafiki yangu alinde plasta, nikafuata mfuo.

Kwa tumbo.

Kenge akiona mtu amesimama anakimbia, kwa hiyo nilitambaa kwa viwiko, simu mbele, inarekodi. Migomba. Kisha ukuta wa matete. Mfuo ukaingia chini ya matete, na ndani nikasikia maji: shwaa. Kimya. Shwaa tena. Nikanong'ona kwenye simu, ndiyo ile sehemu mnayoirudiarudia: "Jamani, anajimwagia maji. Msipumue."

Nikapenyeza simu kati ya matete mawili. Kisha jicho. Kitu cha kwanza nilichoona ni kucha. Kucha moja, kubwa, ya manjano, imepinda. Moyo ukanipiga teke. Nikanong'ona, "Kucha ninaiona." Baada ya kucha, kidole gumba. Baada ya kidole gumba, povu la sabuni. Hapo akili ilianza kunivuta shati, lakini jicho lilikuwa limeshaanza safari, likapanda: goti... niliruka sehemu, nawaapia niliruka... ndevu nyeupe, povu kichwani, na macho mawili yananitazama bila haraka yoyote.

Hakupiga kelele. Hicho ndicho kilichoniua. Alishika kopo lake kwa heshima, akalishusha mahali panapohusika, akakohoa, akauliza kwa upole: "Unatafuta nini, mwanangu?"

Ningeweza kusema njia. Ningeweza kusema mbuzi. Lakini mimi ni mtu wa kujibu ninachoulizwa.

"Kenge, Papa."

Mimi nilikuwa najibu swali. Yeye alisikia tusi.

Yaliyofuata ni mafupi: kopo likaruka, matete yakalala, nikakimbia, nikashikwa na vijana wawili, nikapelekwa uani, nikaeleza, hakuna aliyeelewa, nikanunua kreti ya soda, mzee akavaa, akanisamehe. Kwenye mlango wa bafu palikuwa na bidoni ya lita 20, kona yake ya chini imejaa mchanga. Wajukuu wake wawili, msichana na mvulana, wanaichota ziwani kila alfajiri. Wanapitisha fimbo kwenye mkono wa bidoni, mmoja huku, mmoja kule, kona inaburuta katikati. Na ukivuta lita 20 kupanda mchanga laini, unapanda kwa ncha za miguu. Vidole vitano vitano. Hakuna kisigino.

Sasa ndipo rafiki yangu anaingia uani, anatabasamu, hajui kitu, amebeba plasta imekauka vizuri sana. Kazi safi, nakiri, hata mikunjo ya ngozi inaonekana. Yule msichana akaitazama, akakaa chini, akainua mguu wake, akaulinganisha kidole kwa kidole.

"Koko, tazama!" akamwambia babu yake. "Ni mimi!"

Plasta iko Birere, juu ya televisheni ya yule msaliti. Anayeingia sebuleni anaambiwa kwanza akisie ni mnyama gani.