Kitasa cha umeme kinapozidi kuwa kidogo, mkono unabaki na nafasi gani?

Oktoba iliyopita mlango wa nyuma wa gari letu uligoma kufunguka tukiwa tumeegesha karibu na soko kuu la Tabora. Mama alikuwa ndani, mfuko wa mchele miguuni. Nilipobonyeza rimoti, mota ilinguruma kidogo ndani ya mlango, kitufe cha loki kikapanda nusu na kukwama hapo hapo. Kidole hakikukipandisha wala kukishusha. "Mwanangu, mlango huu una nini leo?" aliniuliza, kisha akatokea mbele kwa kupenya katikati ya viti, na umri wake ni miaka 70.

Jioni fundi mmoja wa Isevya, hapa hapa Tabora, alitoa paneli ya mlango, akapasua kiboksi cha plastiki cha kitasa na kunionyesha gia. "Imelala njiani," alisema. Maneno hayo mawili yamenifanya nifuatilie jambo ambalo zamani nililipita tu: wabunifu wanaotaka kitasa cha umeme kiwe kidogo na chenye msuguano mdogo wanatusaidia, au wanatuongezea matatizo?

Ndani ya mlango mna vitu viwili ambavyo wengi wetu huvichanganya. Kuna komeo lenyewe, yaani ulimi wa chuma wenye umbo la uma unaokamata pini iliyofungwa kwenye nguzo ya bodi, pamoja na kizuizi kinachouzuia ulimi huo usirudi. Halafu kuna loki, inayoamua kama mshikio ukivutwa utafika kwenye kizuizi au utavuta hewa tu. Senta loki, yaani mfumo wa umeme unaofunga na kufungua loki za milango kwa pamoja, katika magari mengi tunayoendesha hapa inaigusa loki peke yake. Mota ya volti 12, yenye urefu wa kama sentimita 3, huzungusha gia yenye umbo la skrubu, na gia hiyo husukuma kijiti cha loki.

Gia ya skrubu inapendwa kwa sababu ya kweli. Kwa hatua moja tu hupunguza mwendo sana, hivyo kimota kidogo kinatoa nguvu kubwa mahali padogo. Lakini meno yake huteleza badala ya kuviringika, na sehemu kubwa ya nguvu huishia kuwa joto. Zaidi ya hapo, mteremko wa skrubu ukiwa mdogo, gia haiwezi kuirudisha mota nyuma. Mota inakisukuma kijiti, kijiti hakiwezi kuisukuma mota. Wabunifu wanalijua hilo, kwa hiyo huacha nafasi ya kuchezea au huweka springi ya kurudisha gia katikati kila baada ya kazi. Springi ikichoka, au grisi ikishajaa vumbi, gia hubaki njiani na kidole chako kinapambana na mota iliyolala. Ndiyo yaliyompata mama.

Hapo ndipo msuguano mdogo unaponivutia. Ukitumia gia za meno yaliyonyooka kwa hatua 2 au 3, au skrubu yenye mteremko mkali, mkono ukisukuma kitufe mota huzunguka kinyumenyume bila kugoma. Zile senta loki za kuongezewa ambazo mafundi wetu hufunga kwenye magari yasiyokuwa nazo zinafanya hivyo hivyo: fimbo ya meno, kimota, na kijiti kilichobanwa kwa skrubu kwenye kijiti cha asili. Ni kubwa, zina kelele, na kuzipatia nafasi ndani ya mlango ni shughuli. Ila mota ikifa, kitufe kinaendelea kutii kidole.

Je, si afadhali basi kubaki na hizo kubwa? Nilidhani hivyo, na nimebadilika. Mlango wa gari la leo umebeba kioo na mota yake, spika, nyaya, na chuma cha kukinga abiria gari linapogongwa ubavuni. Kila sentimita inagombaniwa, na sitaki chuma hicho kipungue ili kitasa kipate nafasi. Tena mfumo wenye msuguano mdogo unahitaji umeme kidogo, hivyo hata betri iliyochoka inaweza kuufungua mlango.

Upande wa komeo mambo si mepesi hivyo, kwa sababu huko msuguano nao una kazi. Kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa na kiwango cha Marekani cha FMVSS 206 vinataka komeo lililofunga kikamilifu listahimili nguvu ya niutoni (kipimo cha nguvu) 11,000 kwa mwelekeo mmoja na 9,000 kwa mwingine. Raba za mlango husukuma, ulimi na kizuizi vinabanana, na ndiyo maana mlango wenye raba mpya ni mzito kuufungua. Mbunifu akiweka kiroli kati ya ulimi na kizuizi, uzito huo unashuka sana, lakini ule msuguano uliosaidia kushika umeondoka pia. Inabidi umbo la vyuma lishike peke yake, na wengine huongeza kizuizi cha pili nyuma ya cha kwanza. Na vumbi letu la kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, likiingia kwenye kiroli, kinaacha kuviringika na kuwa pini ya kawaida inayosugua. Faida iliyopimwa maabara inapotea kwenye njia za vijijini Uyui.

Linalonitia hofu hasa ni hatua inayofuata, pale umeme unapolifungua komeo lenyewe na waya wa kuvuta kwa mkono unapofichwa au kuondolewa. Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu Tesla Model Y za mwaka 2021, baada ya taarifa za vitasa vya nje kukosa umeme wa kutosha huku watoto wakiwa ndani. Wapo wazazi waliolazimika kuvunja vioo. Ndani kuna njia ya mkono, lakini mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kiti chake haifikii. China nayo imeweka sharti kwamba kuanzia Januari 1, 2027 modeli mpya za magari ziwe na njia ya kimakanika ya kufungua mlango, ndani na nje. Gari lililoegeshwa juani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 za kwanza. Fikiria jua la Oktoba la hapa kwetu.

Na kisingizio kwamba komeo linahitaji nguvu kuliko ya mkono hakipo tena. Kama msuguano umepunguzwa kiasi kwamba kimota cha sentimita 3 kinalifungua komeo, basi hata mkono ungeweza kulifungua kwa waya mwembamba. Anayeuondoa waya huo anaokoa gharama au anatafuta urembo, na mimi siyakubali yote mawili.

Kuhusu matengenezo, namwelewa mhandisi anayekiziba kiboksi kwa gundi ili vumbi na maji visiingie. Lakini fundi wetu atakipasua tu, kwa sababu kimota kipya ni rahisi kuliko kusubiri kitasa kizima cha mtumba kije na basi kutoka Dar es Salaam. Akishapasua, gundi yake ya kurudishia haitaaminika mvua zikianza. Raba nyembamba na skrubu 4 zingewatosheleza wote wawili.

Fundi wa Isevya aliweka springi nyingine, akasafisha grisi nyeusi na kupaka mpya kidogo sana. Kabla ya kurudisha paneli alichomoa terminali ya betri, akaniambia nijaribu kitufe kwa kidole. Nilijaribu mara 20, na kila mara kilipanda chote.