Kuacha miti bila dawa ndo jaribio lenyewe
Nimesoma kuhusu watafiti wanaojaribu dawa za wadudu kwenye matufaa, nimewakubali kwa kitu kimoja, wameacha miti mingine bila kupuliza ili walinganishe, sasa sie huku Newala nani anaacha mkorosho hata mmoja?? Mtu anapiga salfa halafu analalamika mbu wa mikorosho (wale wadudu wanaofyonza machipukizi, sio mbu wa malaria) hawafi, jamani salfa ni ya ugonjwa wa ubwiriunga, ule ni ukungu sio mdudu! Mie msimu uliopita niliacha mitano pembeni, jirani akawasha mashine yake upepo ukaniletea dawa yote, jaribio kwisha 😂 Na hao sisimizi wa maji moto mnaowachoma kisa wanauma ndo wanaowakamata hao mbu, tena bila kulipa hata senti, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kule Mtwara walishalifanyia utafiti hilo