Samaki wa Tangini Tusiwamwage Bondeni

Jumamosi asubuhi mtoto wa jirani alipita mbele ya nyumba yangu amekumbatia dumu lililokatwa mdomo, maji yanamwagika njia nzima. Nikamwita. Ndani mlikuwa na vifaranga kama ishirini vya mkia-upanga, samaki wa mapambo wa tangini, vyekundu, havijapita urefu wa punje ya mchele.

"Unavipeleka wapi?"

"Bondeni, Ami. Kaka kasema tangi limejaa, na huko vitakula viluwiluwi vya mbu."

Sikumgombeza. Kaka yake ana nia njema, na kauli hiyo nimeisikia kwa watu wazima wengi hapa Unguja. Lakini nilimrudisha na dumu lake.

Samaki hawa nawapenda, na sitaki mtu adhani nawapiga vita. Dume akigeuka mbele ya mwanga, ile miale ya chini ya mkia wake inachongoka kama ncha ya jambia, njano na ukingo mweusi, na mtu unaweza kusahau chai ikapoa. Tena hapa kwetu hawana taabu. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana birika la chai linaota magaga, na mkia-upanga na jamaa zake moli na gapi wanayapenda maji ya namna hiyo. Joto letu nalo linawafaa. Asili ya mkia-upanga ni Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras, lakini ukimtia kwenye tangi la Unguja huoni kama ni mgeni. Na hapo ndipo hofu yangu inapoanzia: linalomrahisishia maisha tangini litamrahisishia mtoni pia.

Jike hatagi mayai, anazaa. Mimba yake ni kama wiki nne. Siku zikikaribia, tumbo linajaa mpaka linakuwa kama la pembe nne, na anajitenga kwenye majani. Kisha anaachia wanawe mmoja mmoja. Mwana anatoka kajikunja, anazama kidogo, ananyooka, na papo hapo anakimbia kujificha, maana hata mama yake atamla akimkuta. Jike kubwa linaweza kuzaa zaidi ya mia kwa mara moja. Halafu anaweka mbegu za dume mwilini, akaendelea kuzaa miezi kadhaa bila ya kuona dume tena. Kwa hiyo anayesema "nimemwaga mmoja tu" ajue kuwa huyo mmoja anatosha.

Sasa huko bondeni tunakomwaga kuna mwenyewe. Yupo samaki anayeitwa kitaalamu Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa na wataalamu tangu 1893, na duniani kote asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja tu. Ni mdogo, kama sentimita tano, na dume lake lina mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Anaishi kwenye vidimbwi na mitaro inayokauka kiangazi. Maji yakiisha anakufa, lakini mayai yake yanabaki ndani ya matope makavu yakingoja mvua. Wafugaji wa Ulaya wanamtunza kwenye matangi yao kwa fahari, na sisi tunapita juu yake na majembe bila ya kumjua. Naye pia anakula viluwiluwi vya mbu! Kazi tunayotaka kumpa mgeni, mwenyeji anaifanya siku zote.

Hii si hofu ya bure. Gambusia, ndugu wa karibu wa gapi, alisambazwa nchi nyingi karne iliyopita ili amalize mbu. Huko Australia ameingia kwenye chemchemi za Edgbaston, Queensland, ambako kuna samaki mdogo asiyepatikana popote pengine, na amekaribia kummaliza. Mkia-upanga mwenyewe ameshaota mizizi katika mito ya Australia na Hawaii. Ukishamwaga, hakuna wavu wa kuwarudisha.

Tangi likijaa zipo njia. Wape wenzako, au wauzie. Watenge madume na majike mapema, kabla hawajapandana. Ukiona wamezidi, usiwaokoe vifaranga, waachie samaki wakubwa wawale. Ni chakula chao cha asili. Jike mwenye mimba usimgawe kwa mtu asiyejua anachopokea.

Jioni ile mtoto alirudi na kaka yake. Tukakaa barazani, nikawaonesha kwenye simu picha ya yule samaki wetu wa mkia mwekundu. Mdogo akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama kwenye mtaro wa nyuma ya shule wanaweza kuwamo. Nikamwambia tutakwenda kuangalia masika yakiingia. Vile vifaranga vyake nimevipokea mimi, vimo kwenye ndoo mlangoni, vinangoja nioshe tangi la pili.