Matundu Mapacha

Jamani, hawa watengeneza laptopu nani aliwaambia sisi wateja tunapenda mafumbo?

Mimi ni mtu wa mahesabu. Kutwa nzima nimekodolea macho jedwali la Excel, safu kuanzia A mpaka W, na kile kioo changu kidogo kinaishia L. Nikisogea kulia, nasahau kushoto kulikuwa na nini. Ndiyo maana nikajibana miezi minne, nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikachukua monita ya 4K, inchi 27. Muuzaji ananisifia: "Bosi, hii mpaka vinyweleo unaviona!" Vinyweleo vya nini? Mimi nataka safu W.

Kutoka Kariakoo mpaka Tabata nimelipakata boksi kwenye bajaji kama nimebeba mtoto wa watu. Kila tuta namwambia dereva taratibu kaka, naye ananijibu, "Shikilia tu mzee." Nimeshikilia. Nyumbani nikasema ni ya ofisi, wameniazima. Tuyaache hayo kwanza.

Sasa laptopu yangu ni ya kisasa, maana yake nyembamba kama chapati ya mgahawani, na tundu la HDMI, lile la kupeleka picha kwenye monita au TV, haina. Ina matundu mawili ya Taipu C, yamekaa upande mmoja kama mapacha. Nikachukua waya wa kuchajia simu, si nao una Taipu C huku na huku? Nikachomeka. Monita ikaniangalia kidogo, ikalala.

Kumbe Taipu C ni umbo la mdomo tu. Kuna waya unaopitisha umeme na mafaili basi, ndani hauna nyaya za kubeba picha. Nje unafanana na ndugu zake wote, hata mama yake asingemtambua.

Kesho yake narudi Kariakoo, foleni ya Buguruni juu. Nikauziwa adapta ya Taipu C kwenda HDMI, shilingi 25,000, boksi limeandikwa 4K kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nachomeka, picha hiyoo! Nikajipigia makofi. Halafu nikagusa mausi. Kishale kinaniitikia kama mtoto aliyeitwa kuoga: anasikia, anakuja, lakini atafika kwa wakati wake.

Nikamwita kijana wa jirani, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Akatikisa mausi mara mbili tu.

"Shikamoo mjomba. Hii iko hezi 30."

"Marahaba. Ndiyo ugonjwa gani?"

Akanieleza kwamba picha inabadilika mara 30 kwa sekunde badala ya 60. Picha moja ya 4K ni nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8, na adapta yangu ni ya HDMI 1.4, mambo ya mwaka 2009. Mlango mwembamba, mzigo mkubwa. Za HDMI 2.0, zilizotoka 2013, ndizo zinazomudu mara 60. Nikamwonyesha boksi, mbona limesema 4K? Akasema halijadanganya, 4K si unaiona? Sawa na mwenye nyumba anayekwambia maji yapo, hasemi yanatoka siku gani.

Akaenda kwao, akarudi na waya wake wa Taipu C kwenda DisplayPort, tundu lingine la picha kwenye monita. Akachomeka pacha wa kwanza: giza. Pacha wa pili: picha, na kishale kinateleza kama kimepakwa mafuta ya nazi. "Hilo la kwanza ni la kuchaji tu, mjomba. Picha halitoi." Mapacha, tumbo moja, mmoja anafanya kazi mwingine anakula tu! Eti kuna kialama pembeni, D na P zimekumbatiana. Nikavaa miwani, nikawasha tochi ya simu. Kweli kipo, kadiri ya jicho la sisimizi.

Nimemkumbuka VGA wa watu. Lile plagi la zamani la picha, la bluu, la IBM, la 1987. Vijiti 15, skrubu mbili, likiingia limeingia, na halijawahi kujifanya chaja. Kijiti kikipinda picha inageuka njano kama ina homa, lakini angalau unajua anayeumwa ni nani.

Tatizo likabaki maandishi. Nukta zote zile zimebanwa kwenye inchi 27, kwa hiyo kwa asilimia 100 herufi zangu zilikuwa mayai ya chawa. Kijana akaingia kwenye mipangilio, akapandisha ukubwa hadi asilimia 150. Eeh bwana! A mpaka W mbele yangu, bila kusogeza kitu. Nikaegemea kiti kama waziri.

Mama Asha akapita na beseni la nguo. Akasimama mlangoni.

"Baba Asha, hiyo ya mwisho kabisa, 'Monita, Kariakoo', ndiyo nini?"

Miaka yote safu ya matumizi yangu binafsi ilikuwa inakaa ng'ambo ya kioo, haionwi na mtu. Nikamwambia ni hesabu za ofisi. Akaliweka beseni chini, akasogea.

Nimeirudisha asilimia 100. Sioni kitu. Naye haoni.