Shangazi na Uzazi wa Kobe

Yai la kobe halitaki kugeuzwa. Kuku huyageuza mayai yake kila mara anapoyaatamia, lakini yai la kobe likishatagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda baada ya muda mfupi tu, na mtu anayelipindua baada ya hapo anaweza kukiua. Ndiyo maana kobe wangu alipochimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga, kisha akafukia kwa ustadi wa mtu mwenye siri, niliyafukua mayai taratibu, nikachora msalaba kwa penseli juu ya kila moja, nikayapanga vilevile yalivyokuwa ardhini ndani ya kiangulio chenye joto la nyuzi 32 na bakuli la maji la kuongeza unyevu.

Shangazi alikuja kunitembelea wakati mayai yanakaribia kuanguliwa, naye ni mtu aliyefuga kuku maisha yake yote. Nilipomweleza kwamba haya hayageuzwi, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kazi hii ulifundishwa na nani?"

Kulipokucha nikakuta misalaba yote imeelekea chini. Usiku Shangazi alikuwa amefanya kazi ya mama, na kwa kuwa hapendi uchafu, misalaba mingine alikuwa ameifuta kabisa kwa kitambaa. Niliyamulika mayai kwa tochi gizani, nikaona vivuli vikijongea ndani, jambo lililonipa matumaini, kwani mayai yaliyokwisha kukomaa huvumilia zaidi kuliko machanga. Tukakubaliana kwamba asiguse tena kitu chochote, na likitokea lolote, liwe dogo au kubwa, anipigie simu kwanza.

Likatokea nikiwa kwenye kikao cha ofisi. Simu yangu wakati huo ilikuwa imeharibika kiasi kwamba ukiipokea inasikika kwa sauti ya juu tu, hata uibane vipi sikioni.

"Mtoto anatoka!" Shangazi alinguruma mbele ya idara nzima. "Kichwa kiko nje tangu asubuhi na hasogei. Nimvute?"

"Usimvute, Shangazi! Mwache hata siku mbili, atatoka mwenyewe."

Mhasibu, ambaye anajua fika kwamba sina mke, aliweka kalamu mezani.

"Na huyu aliyekwisha kutoka ana kitu tumboni kinaning'inia, cha njano. Ni utumbo huu! Nikate?"

"Usikate! Mrudishe kwenye boksi, mfunike, na usimpe chakula mpaka kinywee chenyewe!"

Kitu chenyewe kilikuwa mfuko wa kiini, akiba ya chakula ambayo mtoto wa kobe huzaliwa nayo na ambayo mwili wake huimaliza kwa siku chache, na kukivuta au kukikata ni kumuua. Nilianza kulieleza jambo hilo, lakini mkuu wa idara alikuwa amekwisha kusimama.

"Kijana, nenda nyumbani. Sasa hivi."

Nikaenda mbio, maana kwa kweli nilikuwa na haraka. Nilimkuta mtoto juu ya tishu yenye unyevu, urefu wake haufiki sentimita 4, gamba lake likiwa bado na mkunjo wa kukaa amejikunja ndani ya yai, na kwenye ncha ya pua ana kile kijino cheupe cha kutobolea ganda. Mwenzake alikuwa bado amechungulia tu, jicho moja wazi, hana mpango na mtu. Shangazi naye alikuwa ameketi kando ya boksi, mikono kaikalia, ili isije ikamshawishi.

Jioni wenzangu wa ofisini wakabisha hodi, wamebeba nepi, sabuni ya mtoto na bahasha ya mchango, nyuso zao zikiwa nusu za pongezi na nusu za mashtaka. Kabla sijasema neno, Shangazi alikuwa mlangoni akiwaamuru wote wanawe kwa sabuni, kwa sababu nilimwambia kwamba kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na neno hilo lilimwingia kuliko mengine yote.

"Hongereni," mkuu wa idara alisema kwa tahadhari. "Ni wa kike au wa kiume?"

"Hilo litajulikana akishafikisha miaka kadhaa," Shangazi alijibu kwa utulivu wa mtaalamu, "lakini kwa kobe joto la yai ndilo huamua, na mashine tuliiweka nyuzi 32, kwa hiyo tunategemea wengi wawe wa kike." Kisha akaipokea bahasha kwa mikono miwili.